Mfinyanzi Hulia Gaeni: Hadi Lini?

Wahenga wetu walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Mwalimu aitoapo methali hii darasani, mwanafunzi huieleza upesi: fundi hafaidi kazi ya mikono yake. Hapo mjadala hukoma, alama hutolewa, na kengele hupigwa. Hakuna aulizaye kwa nini hafaidi, wala ni nani afaidiye badala yake. Mimi nadai kwamba methali hiyo si sheria ya maumbile, ni mashtaka. Katika insha hii nakusudia kuyasoma mashtaka hayo hadharani, nikianzia Kisarawe na Kibaha, ambako nimeitumikia serikali kwa miaka mingi, na nikijihesabu mwenyewe miongoni mwa washtakiwa.

Tazama kwanza nchi yenyewe. Magharibi ya Dar es Salaam ardhi huinuka kuwa vilima vya Pugu, na hapo ndipo Kisarawe ianzapo. Wengi wanaijua Pugu kwa sababu Mwalimu Nyerere alifundisha huko kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Ni wachache wajuao kilicholala chini ya vilima hivyo. Kuna udongo mweupe uitwao kaolini, nao ni miongoni mwa akiba kubwa za udongo wa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Udongo huo hauko peke yake. Umeshikamana na chembe nyingi za mchanga, na hauwezi kutumiwa katika karatasi, rangi au vyombo vyeupe mpaka uoshwe na kutengwa. Kila uoshwapo, kaolini huondoka na mchanga hubaki, na mchanga huo huitwa taka.

Kisha shuka uende Kibaha, ufuate barabara ya Morogoro. Kwenye karakana za maseremala utaona unga wa mbao umerundikwa nyuma ya ukuta. Kwenye mashine za kukoboa mpunga utokao bonde la Ruvu utaona pumba zikipeperushwa na upepo au kuchomwa moto bure. Nenda Mkuranga na Chalinze, katika Mkoa wetu huu wa Pwani, ambako katika miaka ya karibuni vimejengwa viwanda vikubwa vya vigae vya sakafu. Hakuna kiwanda cha vigae kisichovunja vigae. Vilivyokwisha kuchomwa havirudi kuwa udongo kwa kutiwa maji, bali huhitaji kusagwa. Ongeza chupa zilizovunjika za miji yote hiyo. Lugha yetu yenyewe inatufumbia jambo: chungu ni chombo, na chungu ni lundo. Fundi ni yule awezaye kuligeuza lundo kuwa chombo. Sisi tumeridhika na lundo.

Yafaa sasa nieleze ni chombo gani ninachokisema, maana mtu akisikia neno ufinyanzi hufikiri sufuria ya wasiokuwa na sufuria. Kumbuka mtungi wa bibi yako, uliokaa pembeni mwa nyumba juu ya mchanga. Maji yake yalikuwa baridi hata jua la mchana likiwa utosini. Kwa nini? Kwa sababu ukuta wa mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, hukauka kwa hewa, na kila tone likaukalo huchukua joto kutoka katika maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi hutoka jasho. Basi mtungi haukuwa chombo kibovu kilichovuja. Ulikuwa chombo kilichotiwa vitundu kwa kadiri, na kadiri hiyo ilijulikana na mtu aliyeufinyanga. Bibi yako alikuwa na fizikia ndani ya nyumba, ila hakuna aliyemwambia kwamba jina lake ni fizikia.

Wahandisi wa leo wanavitafuta vitundu hivyo hivyo kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuchanganya udongo na kitu kiteketeacho: pumba, unga wa mbao, maganda yaliyosagwa. Motoni kitu hicho huungua na kutoweka, na mahali kilipokuwa hubaki tundu. Njia ya pili ni kuzishikanisha chembe ngumu, kama mchanga au vigae vilivyosagwa, kwa udongo kidogo tu, ili nafasi zilizo baina ya chembe zisijae. Njia ya tatu ni kuifanya kioo iumuke kama unga wa mandazi: chupa husagwa laini, hutiwa chokaa kidogo au mkaa, na zinapolainika kwa moto, hewa izaliwayo ndani yake hutengeneza povu, nalo hugandia humo. Kutokana na njia hizi hupatikana machujio ya maji, matofali mepesi yazuiayo joto lisipotee tanurini, na vifuko vya udongo vya ndani ya majiko ya mkaa. Malighafi ya njia zote tatu ni yale malundo niliyoyataja.

Wala usidhani kwamba wafinyanzi wetu hawakuijua misingi hiyo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mfinyanzi huchanganya udongo na mchanga au na vigae vilivyotwangwa, ili chombo kisipasuke kikaukapo wala kiwekwapo motoni. Chombo kilichovunjika kinarudi kuwa mwili wa chombo kipya. Kwa hiyo kutumia taka kufanya vyombo si jambo tuliloletewa na meli. Kilichopotea ni ile heshima ya kulitazama jambo hilo kuwa elimu.

Hapa sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita niliwekwa katika kamati ya kutayarisha maonyesho ya utamaduni. Ofisi iliyotutuma sitaitaja, kwani kosa lilikuwa la kalamu yangu vile vile. Tulimleta mama mmoja mzee, mfinyanzi kutoka kijiji cha Kisarawe, tukamketisha mkekani pamoja na vyungu vyake. Kazi yangu mimi, kwa kuwa najulikana kuwa mshairi, ilikuwa kuandika vibao. Nikaandika: "Chungu. Chombo cha jadi." Yule mama hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hayo hata mtoto anayajua. Mbona hukuandika kwamba hiki ni cha maji na hiki ni cha moto?" Nikamwuliza, "Vina tofauti gani, mama?" Akachukua kimoja, akakigonga kwa kidole, kikalia kama kengele, akagonga cha pili, kikajibu kwa sauti nzito. Akanieleza kwamba kile cha moto amekitia mchanga mwingi zaidi, "ili kipumue." Nikacheka, nikaona ni maneno mazuri ya ushairi. Sikuandika kitu. Wageni wakapita, wakapiga picha, wakaondoka, na jioni yule mama akapewa nauli na soda.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba maneno yale hayakuwa ushairi. Chombo chenye chembe na nafasi ndani yake hustahimili kupanuka na kusinyaa kwa ghafula, kwa sababu ufa ukianza hukutana na chembe au tundu ukakoma. Yule mama aliniambia kweli ya kitaalamu kwa Kiswahili fasaha, nami, mtumishi wa utamaduni wa Taifa, nikaitupa. Hilo ndilo lundo kubwa kuliko yote, ndugu msomaji: taka ya maarifa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya sayansi, hayaingii katika utamaduni. Nawajibu hivi. Tarehe 10 Desemba 1962, Rais wa kwanza wa Jamhuri alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alilia kwamba wakoloni walitufundisha kuzidharau ngoma zetu na mila zetu, na akataka tuutafute upya ulio bora katika utamaduni wa makabila yetu yote. Tangu siku hiyo tumezitafuta ngoma, na tumezipata. Vinyago tumeviuza hadi Ulaya. Lakini ni lini tulikwenda kuitafuta elimu iliyo mikononi? Utamaduni usiojua kufinyanga, kufua chuma, kusuka na kuchoma tanuri ni utamaduni wa sikukuu tu. Siku za kazi hauna la kusema. Ukoloni ulitugawa sehemu mbili: sayansi ikawa yao, ngoma ikawa yetu. Anayesema leo kwamba chujio la udongo si utamaduni anaulinda mpaka uliochorwa na mkoloni, tena bila mshahara.

Wako wengine watakaosema: vyombo vya plastiki na machujio kutoka ng'ambo ni rahisi kupatikana, kwa nini tujisumbue? Hao nawakumbusha habari ya Guatemala. Mwaka 1981 mtaalamu mmoja wa nchi hiyo, Fernando Mazariegos, alibuni chujio la maji lifananalo na chungu cha maua. Udongo wa kawaida ulichanganywa na kitu kiteketeacho kama unga wa mbao, ukafinyangwa, ukachomwa, kisha ukapakwa chembe laini mno za madini ya fedha ili kuwaua vijidudu. Chungu hicho hukaa ndani ya ndoo yenye bomba, na maji hupenya kwa kadiri ya lita 1 hadi 3 kwa saa. Mafundi wa Nicaragua wakaichukua kazi hiyo, hasa baada ya tufani kubwa ya mwaka 1998, na kutoka huko ikaenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Guatemala si nchi tajiri. Lakini haikukionea haya chungu. Iliona kwamba dawa ya maji machafu inaweza kutoka kwa mfinyanzi na seremala, watu wawili ambao kila kijiji kinao.

Na kama Guatemala ni mbali, tazama kwa jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walilitazama jiko la ndoo la watu wa Thailand, wakaliunda upya kwa mazingira yao: nje bati chakavu lenye kiuno chembamba, ndani kifuko cha udongo uliochomwa. Taka ya chuma ikashikana na kazi ya mfinyanzi, na joto lililokuwa likipotea ubavuni likabaki chini ya sufuria. Jiko hilo limeenea hadi kwetu, na halikungoja kiwanda kikubwa. Limetengenezwa na mafundi wa nyundo na patasi barabarani.

Jambo hili linatugusa Kisarawe kuliko tunavyokiri. Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa miaka mingi ili mkaa upelekwe kwenye majiko ya Dar es Salaam. Kila kifuko cha udongo kilicho duni, kilichochomwa vibaya kikapasuka baada ya miezi michache, ni gunia jingine la mkaa. Kila kifuko chepesi na imara, kilichotiwa vitundu kwa kadiri, ni mti uliobaki umesimama. Mtaona basi kwamba simwombei mfinyanzi sadaka. Namdai Taifa deni lake: msitu unangoja, na udongo uwezao kuuokoa umo chini ya mizizi ya msitu huo huo.

Lakini haifai kumdanganya kijana. Nayaandika haya kwa sababu wako wapenda maendeleo wa kinywa tu, ambao wakisikia "taka ni mali" hukimbilia kuchanganya chochote na chochote. Sivyo. Kuna taka ambazo kamwe zisiingie katika chombo cha maji wala cha chakula: mabaki ya betri za magari, yenye risasi, mabaki ya rangi na ya viwanda vya ngozi, yenye kemikali za sumu, mabati ya zamani ya asbesto, ambayo hata vumbi lake halifai kuvutwa. Moto hauondoi sumu ya namna hiyo. Vile vile chujio la udongo lina mipaka yake: huzuia tope na vijidudu vingi, lakini haliondoi chumvi iliyoyeyuka, wala floridi inayosumbua sehemu za kaskazini ya nchi yetu. Maji ya kisima cha pwani yaliyo na chumvi yatatoka na chumvi yake. Na chungu chenye ufa usioonekana humpa mwenye nyumba imani bila kinga, nayo ni hatari kuliko kutokuwa na chungu. Kwa sababu hiyo kazi hii yataka mizani, kipimo na maabara. Yataka shule.

Nanyi walimu, hapa ndipo neno langu lilipokuwa likielekea. Mwaka 1967 tuliandikiwa juu ya Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi zikaielewa kuwa jembe na shamba peke yake. Jembe lina heshima yake. Lakini nauliza: ni shule ngapi za sekondari zilizo karibu na vilima vya Pugu ambazo wanafunzi wake wamewahi kuushika udongo wa Pugu kwa nia ya kuujua? Wanafunzi hukariri kanuni ya kaolini ubaoni, kisha hurudi nyumbani wakiikanyaga njiani.

Jaribio la kwanza halihitaji fedha. Udongo ukaushwe, utwangwe, uchekechwe. Pumba au unga wa mbao upitishwe kwenye chekeche moja, ili chembe zilingane. Vifanywe vipande vidogo vya namna nne: cha udongo mtupu, na vingine vyenye sehemu moja, mbili na tatu za pumba kwa kila sehemu kumi za mchanganyiko. Vikaushwe kivulini mpaka vikauke kabisa, kwani unyevu uliobaki ukigeuka mvuke huvunja chombo. Motoni viongezewe joto polepole. Wanafunzi waelezwe kwamba chembe za mchanga wa kwatzi hubadili umbile ghafula zifikapo nyuzi 573 za sentigredi, na ndiyo sababu tanuri liharakishwalo, au lifunguliwalo mapema, hutoa vyombo vyenye nyufa. Chujio lipewe nyuzi zinazokaribia 900. Moto wa wazi mara nyingi haufiki hapo, kwa hiyo tanuri dogo la matofali lijengwe na wanafunzi wenyewe.

Kisha vipande vipimwe uzito vikiwa vikavu, vilowekwe majini siku nzima, vifutwe, vipimwe tena. Kipande chenye gramu 400 kikiwa kikavu na gramu 480 kikiwa kimelowa kimenyonya maji gramu 80, yaani asilimia 20 ya uzito wake. Hapo mwanafunzi atachora jedwali, na ataona kwa macho yake kwamba vitundu vikizidi, nguvu hupungua, atalazimika kuchagua. Ndipo aalikwe yule mama mfinyanzi, si kuketi mkekani apigwe picha, bali kusimama mbele ya darasa, agonge vipande kwa kidole na kusema kipi kizima na kipi kina ufa. Apewe shikamoo ya mwalimu na malipo ya mwalimu. Jedwali lao na sikio lake vikikubaliana, tutakuwa tumeanza kitu.

Kibaha hasa haina udhuru. Kituo chake cha elimu kilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na msingi wake ulikuwa kupiga vita ujinga, maradhi na umaskini mahali pamoja: shule, tiba na mafunzo ya wakulima bega kwa bega. Chujio la maji ni elimu, ni tiba na ni riziki ndani ya chombo kimoja. Mtambo wa Ruvu Juu husafisha maji huko Mlandizi na kuyapeleka kwa mabomba mpaka Dar es Salaam, na hiyo ni kazi njema. Lakini bomba halijapita kila mlango, na kisima na bwawa bado ni mlezi wa wengi. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria mwaka 1973 ili fundi mdogo asiachwe peke yake. Basi wenye udongo wapo, wenye pumba wapo, wenye maabara wapo, wenye dhamana wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha pamoja, na mtu huyo, kwa mujibu wa cheo na mshahara, ni sisi watumishi wa umma.

Najua nitajibiwa kwamba jambo hili linangoja mpango, na mpango unangoja fungu, na fungu linangoja mwaka ujao. Nimeyaandika majibu ya namna hiyo kwa mkono wangu, nayajua yanavyotamkika vizuri. Lakini wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni walisema pia, "Udongo uwahi ungali maji." Mikono ijuayo udongo wa Kisarawe inazeeka, na mabinti zao wanauza vyombo vya plastiki sokoni, wala siwalaumu. Udongo utabaki vilimani miaka elfu. Sikio lijualo chungu kizima kwa mlio wake halitabaki.

Kile kibao cha maonyesho bado kinanidai. Nimekiandika upya, kwa njia niijuayo, na walimu wakipenda wakibandike ukutani juu ya tanuri lao:

Udongo ninaufinya, pumba ninazitilia,
Taka ninazikusanya, waja walizoachia,
Moto nao hutawanya, tundu nyingi zasalia,
Mfinyanzi natambia: sasa silii gaeni.